Tarumbeta za Kumtoa Kaveke

Kaveke alikufa Jumanne. Alhamisi saa nne asubuhi watu wa Ikutha walifika kwetu Nunguni na mbuzi watatu.

Nieleze mara moja. Kwetu Wakamba mwanamke anaweza kukaa na mwanamume miaka kumi, wakajenga na wakazaa, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajafika kwao, yeye bado ni msichana wa babake. Akifa, mume hana ruhusa ya kumzika. Lazima mbuzi waje kwanza, wapokelewe, mmoja achinjwe na pande zote mbili zile nyama, ndipo mume apewe mwili wa mke wake. Mutunga alikuwa ameishi na binti yangu miaka mitatu bila ntheo. Sasa alikuwa ameileta, na binti yangu yuko mochari.

Kwa hivyo swali lilikuwa moja tu. Kaveke azikwe hapa, juu ya shamba la kabichi, mahali ambapo ningeona kaburi lake kila nikifungua mlango wa jikoni, ama aende Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, mwendo wa saa nne kwa gari. Mume wangu, Nzomo, alikuwa ameniambia asubuhi tukinywa chai ambayo hakuna aliyeimaliza:

"Mimi sitashika kamba ya mbuzi kama wewe hujakubali. Mara ya kwanza ulisema hapana, nami nikanyamaza. Safari hii nitangoja nikusikie."

Maana hiyo ilikuwa mara ya pili mbuzi kuletwa. Mara ya kwanza niliwarudisha mimi, pale langoni, mbele ya majirani. Niliwarudisha kwa sababu ya muziki.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, tulipopewa wimbo wa lazima wa tamasha la muziki. Kilikuwa kipande cha Kizungu cha sauti nne, kimeandikwa ubaoni kwa do-re-mi, maneno hatuyaelewi. Tuliufanyia mazoezi muhula mzima tukiwa na njaa. Mwishoni sauti zote zilipanda pamoja na kukaa juu, na mimi niliyekuwa sauti ya pili, katikati ya wasichana sitini, nilihisi kwamba kuna mahali watu huenda wakishinda na sisi tumefika. Tulikuwa wa nne. Haikunisumbua.

Baadaye nilisomea diploma ya kilimo. Siku ya mahafali bendi ilitupigia tarumbeta tukiingia, na mama yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, akasimama juu ya kiti cha plastiki anione. Miezi minne baada ya hapo nilikwenda kwa Nzomo na sanduku moja na jembe. Harusi haikuwapo. Ntheo yangu ilipelekwa kwa babangu Kaveke akiwa darasa la pili, siku ya mvua. Wazee walikula wamesimama chini ya paa la ghala, wakafuta mikono, wakaenda. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Hakuna aliyeniita.

Silalamiki. Ndivyo ilivyokuwa, na Nzomo ni mtu mzuri. Lakini nilisema kwa msichana wangu haitakuwa hivyo. Kaveke alipoajiriwa kufundisha shule ya msingi huko Ikutha, akanipigia simu siku moja akicheka bila sababu, nilijua kuna mwanamume. Wiki hiyo hiyo nilinunua flashi na daftari, nikaanza kukusanya muziki wa harusi yake.

Nilitaka ule wa klasiki tu, ule wa ushindi. Kazini, nikimaliza ripoti za wakulima wa wadi, nilikuwa natafuta kwenye mtandao na kusikiliza. Nilichagua jinsi ninavyochagua mbegu: nyingi zinatupwa. Wimbo ulioanza kwa kishindo ukaishia kwa kunong'ona, nje. Wenye fidla inayolia peke yake katikati, nje. Kinanda cha kanisa nilikikubali kama kina tarumbeta nyuma yake. Nilipima njia ya katikati ya kanisa letu kwa miguu, hatua thelathini na moja kwa mwendo wa bibi harusi, kisha nikatafuta wimbo wa kuingia ambao ngoma zake kubwa zingepiga akifika hatua ya mwisho. Nilisikiliza zaidi ya mia mbili. Nilibaki na ishirini na mbili.

Majina ya kigeni ya nyimbo hizo hayakunikaa kichwani, basi nikazipa majina yangu kwenye daftari. Ule wa kuingia niliuita Lango. Ulikuwepo Mvua ya Novemba, ulikuwepo Ng'ombe Wamerudi. Wa kukata keki, wenye zumari zinazokimbizana kama watoto, niliuita Unga Umemwagika. Na wa kumtoa Kaveke kanisani, tarumbeta sita na kwaya nzima, niliuita Mchukueni.

Nilikuwa nikimpigia simu nimwekee asikie.

"Mama, hii ni ya kukata keki ama ya kumwapisha gavana?"

"Sikiliza mpaka mwisho."

"Naskiza. Hapo katikati mtu ameangusha sufuria."

"Hiyo ni ngoma, mjinga wewe."

"Haya, ngoma. Na watu wa Ikutha watachezaje hii? Watapiga saluti?"

"Hawatacheza. Watasimama waone."

"Sawa, Mama. Wewe chagua tu. Mimi nitatembea kwa hiyo yoyote, bora tu nitembee."

Hilo neno la mwisho nililisikia kama utani.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Mutunga alikuja. Anatengeneza pampu za visima, mtu wa maneno machache, mikono haiishi grisi. Alikuja na mjomba wake Musyimi na mbuzi watatu nyuma ya pikapu. Walikuwa wametuma ujumbe, na Nzomo alikuwa tayari. Mimi ndiye niliyetoka langoni nikasimama.

"Harusi ya kanisa ni lini?" nikauliza.

Musyimi akasema, "Mama, tuanze na ntheo. Kanisa halikimbii."

"Hata mbuzi hawakimbii. Vyote vitakuwa siku moja. Asubuhi mbuzi, saa sita kanisani, na binti yangu atatoka na tarumbeta mbele ya watu. Hataozwa na wazee watatu wakila chini ya paa."

"Mama Kaveke, jua ni kali na tumetoka mbali."

"Basi kunyweni maji. Desemba mje na mbuzi na pete."

Walikunywa maji. Walirudi na mbuzi wao. Desemba paa la kanisa lilikuwa linabadilishwa, nami nikasema mwezi wa nne. Mwezi wa nne pojo za Ikutha zilikauka zikiwa na maua, na Mutunga hakuwa na la kulisha wageni. Nikasema Desemba hii, basi, wala nisingekubali chini ya seti kamili ya spika. Hakuna aliyebishana nami. Mimi hubishana vizuri.

Na Jumanne Kaveke akashikwa na tumbo darasani. Alikuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hakuna aliyejua ana mimba, hata yeye mwenyewe. Aliishiwa damu barabarani kabla gari halijafika hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Sasa mzee Musyimi alikuwa amekaa uani kwangu, kofia magotini. Wenzake wanne walikuwa kwenye benchi. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye mti wa parachichi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikisikia kila kitu.

"Mwaka jana tulikuja na furaha tukarudi," Musyimi akasema. "Leo tumekuja na aibu. Huyo jike mweusi ni yule yule wa mwaka jana. Amezaa mara moja tangu wakati huo. Hatukumuuza wala hatukumchinja. Tulimweka kwa sababu alikuwa wa huyu msichana."

Nzomo akasema, "Tumesikia. Ngojeni kidogo."

Alikuwa ananingoja mimi. Dada yake, Kavata, ambaye hajawahi kunipenda na hafichi, aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

"Wanaume wamekaa juani," akasema.

"Nawaona."

"Unawaona. Mwaka jana pia uliwaona. Diploma ilikuzuia kupokea mbuzi, sasa ikusaidie kuchimba kaburi."

"Chumvi iko hapo mbele yako, Kavata."

"Najua iko wapi."

Aliondoka bila kuichukua. Sikumchukia. Nilikuwa nimekwisha kujiambia hayo yote, kwa maneno mabaya zaidi.

Lakini sikutaka kumtoa Kaveke. Niseme ukweli. Nilikuwa nimeshaamua, tangu Jumanne, kwamba Kaveke atakaa nami. Nilikuwa nimeona hata mahali penyewe, kando ya mstari wa mwisho wa kabichi, udongo mwekundu usio na mawe. Mutunga alikuwa amekaa naye miaka mitatu, mimi nilimzaa. Nilijua vilevile kwamba nikiwarudisha hao wazee mara ya pili, hakuna mtu hapa Nunguni angenisalimia tena, na hilo pia halikunitisha.

Mutunga akaja mlangoni.

Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake ovyo. Kwetu hiyo ni nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Hakuingia. Alisimama nje kando ya mlango, mgongo kwa ukuta, akiangalia ghala, na mimi nikabaki ndani nikiangalia masufuria. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, kama watu wawili wanaongea na wengine.

"Mama."

"Sema."

"Sikuja kukuomba. Umeshasikia wazee. Nimekuja nikwambie kitu kimoja, halafu utakavyosema ndivyo itakuwa."

Nikageuza mfuniko wa sufuria uliokuwa mbele yangu.

"Kaveke hakuwa na shamba kwetu."

"Shamba gani? Mna ekari kumi na mbili."

"Mama yangu hakumkatia. Mwanamke akiolewa anakatiwa kipande chake, alime anachotaka. Mama alisema hawezi kumkatia mtu ambaye hajatolewa ntheo, kwa sababu kesho anaweza kuchukuliwa na watu wake. Nilibishana naye mwaka mzima. Kaveke akaniambia niache, atangoja."

"Hakuniambia."

"Hakutaka kukuambia. Alisema, Mama yuko na furaha na hizo tarumbeta zake, tusimharibie, ni siku moja tu." Alivuta pumzi. "Alipanda maharagwe kwa mikebe mitupu ya rangi. Iko mlangoni, kumi na moja. Alikuwa anaimwagilia akitoka shule. Wanawake wa pale walikuwa wanamcheka, eti mwalimu analima ndoo."

Nilikaa chini. Hakuna kiti jikoni kwangu, kwa hivyo nilikaa sakafuni.

Kaveke alikuwa ameniuliza. Mwaka jana, mwezi wa saba, alinipigia akaniuliza ni maharagwe ya aina gani yanazaa vizuri kwenye mkebe, na mkebe utobolewe matundu mangapi. Mimi, afisa wa kilimo, miaka ishirini na sita ya kushauri wakulima, nilimjibu kwa kirefu. Nilimwambia achanganye mchanga na samadi. Nilidhani ni mradi wa watoto wa darasa lake. Nikamuuliza kama watoto wamefurahi, akasema ndiyo, Mama, wamefurahi sana. Halafu nikamwekea Ng'ombe Wamerudi asikie tarumbeta ya mwisho.

"Hiyo tu," Mutunga akasema nje. "Kama atabaki hapa, nitakuja kumwona. Lakini nilitaka apewe kipande chake."

Futi sita. Hicho ndicho kipande ambacho Ikutha ingemkatia binti yangu, na bado kingekuwa chake kuliko chochote alichopata nikiwa nachagua muziki.

Nilitoka nje. Sikujifuta uso. Nilipita mbele ya wazee wa Ikutha bila kuwasalimu, nikaenda mpaka alipokuwa Nzomo.

"Shika kamba," nikamwambia.

Alishika. Walimchinja beberu mmoja, si yule jike mweusi. Ilichukua muda mfupi kuliko ntheo yangu mimi. Musyimi alisema maneno, Nzomo akasema maneno, mchungaji wa kanisa letu akaomba. Nyama ilipoiva kila mtu alipewa kipande, kwa sababu bila kula haijakamilika, na mimi nikala. Sikuwa nimetia chochote kinywani tangu Jumanne. Ilikuwa nyama nzuri, yenye mafuta, na kwa kuwa nilikuwa na njaa nilitafuna kwa bidii. Hilo sitajisamehe, ingawa sioni ningefanya nini.

Kabla hawajaondoka Mutunga alirudi pale pale kando ya mlango.

"Mama, kesho tukimchukua hapa, tumtoe na ule muziki wako."

"Hapana."

"Alijua ungemtoa nao."

"Harusini, Mutunga. Ule ni muziki wa harusi."

"Na leo mmepokea nini?" akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kweli.

Mtu wa kumkatalia tena huyo kijana hakuwa mimi.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya vilima, nilikaa na daftari na flashi, nikaanza kuchagua. Nilidhani itakuwa rahisi. Ishirini na mbili, nilizijua zote. Nikaweka Lango. Nilimwona akiingia, nikazima. Mvua ya Novemba: nilimwona na shela. Ng'ombe Wamerudi sikuuweka. Niliendelea mmoja baada ya mwingine, nikitafuta hata mmoja wenye nafasi ya jeneza, usioruka juu, wenye mahali pa mtu kuinamisha kichwa. Haukuwapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezitupa zote za namna hiyo. Miaka mitatu niliziondoa kwa mikono yangu, nikijisifu kwamba masikio yangu hayakosei.

Na nikizisikiliza hivyo kwa mfululizo niligundua jambo ambalo lingeonekana na mtu yeyote. Katika zile picha nilizokuwa naziona, bibi harusi mara nyingine hakuwa na uso wa Kaveke. Alikuwa mfupi kidogo, ana diploma mkononi, na mama yake amesimama juu ya kiti cha plastiki.

Nikafunga daftari. Nikachagua Mchukueni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeandika miaka mitatu nyuma: wa kumtoa. Hakukuwa na kitu kingine cha kuchagua.

Ijumaa asubuhi mwili ulifika kutoka mochari. Tulimweka uani kwa maombi. Alikuwa amevalishwa gauni la krimu ambalo Nzomo alinunua Emali; nguo ya harusi hatukuwa tumeshona. Mwenye spika alikuwa Chege, Mkikuyu aliyehamia hapa zamani, anakodisha mahema na viti na huongea Kikamba kizuri kuliko watoto wetu. Nilimpa flashi.

"Wimbo wa ishirini na mbili," nikamwambia. "Wakimwinua, uuweke. Sauti juu."

"Ni wa maombolezo, Mama Kaveke?"

"Uweke tu."

Wakamwinua. Mutunga mbele kushoto, vijana wa ukoo wetu, Musyimi nyuma akisaidia ingawa ni mzee. Chege akaweka.

Nilikuwa sijawahi kuusikia kwenye spika kubwa. Tarumbeta sita ziliingia pamoja, zikaenda mpaka ng'ambo ya bonde, zikarudi. Waliokuwa wanachuma kahawa chini walisimama wima. Kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga. Watu walikuwa wengi, njia ilikuwa wazi, mwendo wao na wa ngoma ulikuwa mmoja, na kwaya ilipopanda ikakaa pale juu, binti yangu alikuwa anatoka langoni. Ulikuwa mzuri sana. Nilitamani uwe mbaya, usikike kama kelele, nimwambie Chege azime. Haukuwa mbaya hata kidogo.

Watu hawakujua wafanye nini. Wanaume walivua kofia, kisha baadhi wakavaa tena. Bibi mmoja kipofu wa jirani, ambaye pengine hakuambiwa vizuri ni shughuli gani, alipiga kigelegele. Mara moja tu, kirefu, safi. Hapo ndipo uwanja mzima ulipoangua kilio. Kavata alinishika kiuno kwa nguvu, na mimi nikamwachia uzito wangu wote.

Wimbo ukaisha wakati wanafunga mlango wa gari. Mimi ndiye niliyepanga flashi, na nilikuwa nimeipanga irudi mwanzo na kuendelea, kwa ajili ya karamu. Baada ya wa ishirini na mbili ukaja wa kwanza, na wa kwanza ulikuwa Unga Umemwagika, kwa kuwa nyimbo za karamu niliziweka mwanzo na za kanisani mwisho, na keki nilitaka ikatwe mapema kabla watoto hawajasumbua. Zumari zikaanza kukimbizana. Chege aliniangalia kwa hofu, mkono juu ya mashine.

"Nizime, Mama?"

Nilikuwa nikilitazama gari. Akadhani nataka uendelee. Gari lilishuka mteremko wote mpaka lami likisindikizwa na muziki wa kukata keki, na watoto wawili wa jirani, ambao hawana kosa, wakacheza.

Safari sikuisikia. Tuliteremka mpaka barabara kuu ya Mombasa, tukapita Emali. Makindu dereva aliuliza kama kuna anayetaka kushuka anyooshe miguu, na hakuna aliyeshuka. Kibwezi tukaacha barabara kuu, tukavuka Athi, na hewa ikawa kavu na moto. Nzomo alikuwa ameshika mkono wangu. Mara moja tu aliongea.

"Ulikuwa mzuri, ule muziki," akasema.

"Nyamaza, Baba Kaveke. Tafadhali."

Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake wa pili.

Kwa kina Mutunga kulikuwa na lango la miti na kitambaa cheusi. Kabla ya kufika nyumbani niliiona ile mikebe mlangoni, nikageuza uso; nilikuwa nimeshahesabu mpaka saba. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa, moja kubwa la watu wa boma, moja dogo kando. Shimo lilikuwa tayari, kwenye mwisho wa shamba, limezungushiwa mawe meupe kuonyesha mpaka wake. Mama yake Mutunga alikuwa amesimama hapo hapo, mama mnene mwenye leso kichwani, akilia bila kujificha. Nilikuja nikitaka kumchukia, nikashindwa. Yeye alingoja mbuzi kama mila ilivyomwambia. Mimi niliwarudisha.

Jeneza lilipita mbele likiwa limebebwa na vijana wa kwao. Wetu waliachia mikono langoni, kwa kuwa kutoka hapo hakuwa wetu tena. Nilitaka kulifuata. Nilikuwa nimepiga hatua tatu nne hivi kuelekea kaburini, mtu akaniwekea mkono mbele kwa adabu. Alikuwa na beji ya kamati kifuani na karatasi mkononi, na uso wa mtu aliyesimama juani tangu asubuhi akipanga watu asiowajua.

"Pole sana, Mama. Wenye boma wanaanza, halafu tutawaita. Nyinyi ni wageni wa nani?"

Niliangalia lile jeneza likienda. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia ni mimi niliyemzaa, ni mimi niliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za mahindi. Ningeweza kumsukuma, na nina hakika angepisha.

"Wa mke wa Mutunga," nikasema.

Akaandika. Halafu akatuonyesha hema dogo, viti vya nyuma, akasema maji yataletwa.